Kutoka Nane Hadi Nne

Leo nimebadilisha nyuzi za gitaa kwa mara ya mwisho mwaka huu. Uzi wa sita, ule mnene kuliko yote, umetoka na kutu pale pale ninapoegemeza kiganja, kipande kifupi kama kidole gumba. Kwingine kote bado unang'aa. Nimeuviringisha nikauweka mezani, kando ya karatasi niliyoiandika tarehe 2 Januari 2025 kwa kalamu nyekundu: "ALBAMU. NYIMBO 9. KABLA YA OKTOBA." Chini yake nilipiga mistari miwili, nadhani kwa kujitisha mwenyewe.

Albamu haipo. Nyimbo zipo nne, na hazijarekodiwa. Jukwaani tulipanda mara tano, na ya tano ikakatikia njiani. Mpiga ngoma wetu wa miaka sita ameondoka. Na sikio langu la kushoto, muda huu ninapoandika nyumba ikiwa imetulia, linaimba noti moja nyembamba ambayo hakuna mwingine anayeisikia. Lakini sijawahi kufunga mwaka nikiwa na hamu ya Januari kama huu, na nataka kuandika sababu zake kabla sijazisahau.

Nianze na sikio, maana huko ndiko yalikoanzia yote.

Mpiga metali yeyote, ile roki nzito ya magitaa, anaujua ule mluzi wa baada ya shoo. Unalala nao, asubuhi haupo, unasahau. Shoo yetu ya Machi ilikuwa kwenye ukumbi mdogo wenye dari la chini, na mimi nilisimama hatua moja tu kutoka kwenye matoazi, yakiwa usawa wa sikio langu la kushoto. Usiku mluzi ukaja kama kawaida. Asubuhi ulikuwepo. Siku ya nne bado ulikuwepo, nikaenda kupima.

Walinifungia kwenye kijumba kisichopitisha sauti, nikavalishwa hedifoni na kupewa kitufe cha kubonyeza kila nikisikia mlio. Kuna kipindi kirefu sikubonyeza kitu, nikadhani mashine imeharibika. Haikuwa mashine. Mchoro ulipotoka, mstari wa sikio la kushoto ulikuwa unatembea vizuri tu, ukafika hezi 4,000 (mitetemo 4,000 kwa sekunde) ukatumbukia shimoni, kisha ukapanda tena. Daktari akautazama, akaniuliza, "Unafanya kazi kiwandani?" Nikasema hapana, napiga gitaa. "Gitaa la namna gani?" Nikaona haya kujibu, kama mtoto aliyekutwa na kiberiti mkononi.

Shimo la hapo kwenye hezi 4,000 ni kama sahihi ya kelele. Ndipo madhara yake hupenda kujionyesha kwanza. Niliporudi nyumbani nikaanza kusoma mambo ambayo nilipaswa kuyasoma miaka kumi na mitano iliyopita. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inasema mtu asikae kwenye desibeli 85 zaidi ya saa 8, na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda huo ugawe kwa mbili. Desibeli 88, saa 4. Desibeli 100, dakika 15. Nikaenda na simu kwenye chumba chetu cha mazoezi nikapima. Programu ya simu si kipimo cha maabara, najua, lakini ilisoma 106. Gawa tena: hazifiki dakika 4. Sisi tulikuwa tunafanya mazoezi saa tatu, mara mbili kwa wiki, na mpiga besi wetu akilalamika kwamba haisikii besi yake vizuri kwenye mchanganyiko, basi aongeze.

Nikanunua vizibo vya masikio, vile vyenye kichujio ndani. Vya sponji nilivijaribu zamani nikavitupa, kwa sababu vinakata sauti za juu kuliko za chini, unabaki unasikia matope tu. Hivi vya kichujio vinashusha sauti zote karibu sawasawa. Na nikawaomba wenzangu tupunguze sauti chumbani, angalau hadi pale tunapoweza kuongea bila kupigana ishara za mikono. Walikubali kwa huruma, si kwa kupenda. Bendi ya metali kupunguza sauti! Mwimbaji wetu alisema tutafute na vigoda tukae.

Hapo ndipo niliposikia tulivyokuwa.

Nilirekodi mazoezi ya kwanza ya sauti ndogo kwa simu. Usiku nikasikiliza, nikadhani nimefungua faili la watu wengine. Rifu (kipande cha gitaa kinachorudiwarudiwa) ambayo nilikuwa naionea fahari, ile ya noti kumi na sita zinazokimbia kama mashine, haikuwa kumi na sita. Zilikuwa kumi na mbili na vumbi. Ngoma inafika, gitaa linafika baadaye kidogo, besi inafika kuulizia wenzake wako wapi. Kwa miaka sita tulikuwa tumeficha hili ndani ya kelele, na tuliowaficha si wasikilizaji peke yao, ila na sisi wenyewe.

Wasiopiga gitaa mnivumilie hapa aya mbili, maana ndiyo roho ya jambo. Distosheni, ule mkwaruzo wa gitaa la metali, inapatikana kwa kulisukuma wimbi la sauti kwenye amplifaya hadi lizidi nafasi iliyopo, kwa hiyo vilele vyake vinakatwa. Wimbi kubwa linakatwa, wimbi dogo likivutwa juu linakatwa vile vile. Matokeo yake, upige uzi kwa nguvu, upige kwa uvivu, sauti inatoka karibu sawa. Ndiyo raha yake: noti zinadumu, gitaa linakuwa na misuli. Na ndiyo sumu yake. Nobu yangu ya geini, ile inayopanga ukubwa wa msukumo huo, ilikaa nane kwa miaka, na mbele ya amplifaya nikaweka pedali (kisanduku cha kukanyaga) ya kijani, Tube Screamer, ambayo wengi wetu huitumia geini yake ikiwa sifuri ili ipunguze tu besi iliyozidi na kukaza sauti. Mimi nilikuwa naifungulia na geini yake pia. Mkono wangu wa kulia ukawa kama mfanyakazi ambaye hakuna anayemkagua.

Nikashusha nobu kutoka nane hadi nne. Nilidhani uzito utaondoka. Kumbe sehemu kubwa ya uzito wa gitaa la metali haiko kwenye wingi wa geini. Ukipiga noti ya mzizi pamoja na ya tano yake, mitetemo yao ina uwiano wa 2 kwa 3. Distosheni, hata ikiwa ya wastani, inazaa tofauti kati yao, ambayo ni 1: noti nyingine, oktavi nzima chini ya mzizi, ambayo hakuna uzi uliopigwa kuitoa. Mzimu kabisa. Kwa geini nne mzimu huyo bado yupo, ila sasa unamsikia akiingia na akitoka. Kwa nane alikuwa amejaa chumba kizima, haonekani ana umbo gani.

Kilichobaki kilikuwa kiganja. Kuziba nyuzi kwa kiganja ni kitu tunachokifanya tangu wiki ya kwanza ya kujifunza, na hakuna anayekifikiria tena. Nilikifikiria Aprili nzima. Ukiegemeza ubavu wa kiganja juu ya daraja la gitaa kabisa, uzi unalia wazi. Ukisogea milimita mbili mbele, unapata ule mlio mfupi wa "jugu, jugu" wenye kifua. Ukisogea milimita tano, uzi unakufa, unabaki mgongano wa plastiki na chuma. Milimita tatu kati ya kifua na maiti. Nilikaa na metronomu, kifaa cha kuhesabu mapigo, kwenye mapigo 90 kwa dakika, nusu ya mwendo wa wimbo wenyewe, nikipiga uzi mmoja tu dakika kumi kumi, hadi mkono ukaanza kujua wapi pa kukaa bila kuulizwa. Kile kipande chenye kutu kwenye uzi wa leo ni rekodi yake.

Juni mpiga ngoma wetu akaaga. Hakukuwa na ugomvi. Alipata mapacha, na akasema mapigo 200 kwa dakika sasa anayapata nyumbani. Tulimkumbatia, tukambebea ngoma hadi kwenye gari, tukarudi ndani tukatazamana.

Kosa la mwaka nililifanya wiki iliyofuata: nilisema nitatengeneza ngoma kwa kompyuta. Kuna programu nzuri sana siku hizi, sauti za ngoma halisi zilizorekodiwa na watu wanaojua kazi yao, wewe unapanga tu kila pigo mahali pake na nguvu yake kuanzia 1 hadi 127. Nikaweka snea (ile ngoma yenye mlio mkali) zote 127. Ilikuwa sahihi na imekufa. Nikaanza kuzishusha moja moja, hii 118, hii 111, ile 123, nikasogeza nyingine mbele kwa sehemu chache za elfu za sekunde ili zionekane zimechelewa. Wiki ya tatu, saa nane za usiku, nikajikuta natia makosa kwa mkono, kosa baada ya kosa, kwenye kitu kilichokuwa hakina kosa, ili kifanane na mtu. Nikazima kompyuta. Sisemi ni vibaya. Kuna albamu ninazozipenda zilizotengenezwa hivyo. Mimi tu sikuweza.

Kisha ikaja Julai.

Tarehe 5 niliangalia kwa intaneti tamasha la uwanja wa Villa Park kule Birmingham, Uingereza, Black Sabbath, bendi iliyotuzaa sisi wa metali, wanne wa mwanzo pamoja, mwimbaji wao Ozzy Osbourne amekaa kwenye kiti cha enzi kwa sababu mwili ulikuwa haumruhusu tena kusimama. Tarehe 22 akafariki, miaka 76. Siku kumi na saba tu katikati. Simu yangu ilijaa ujumbe wa pole kana kwamba nimefiwa na mjomba, na kwa kweli nilijisikia hivyo. Watu waliandika mengi kumhusu yeye, na walistahili kuandika. Mimi usiku ule macho yangu yalikuwa kwa mwenzake, mpiga gitaa Tony Iommi, na vidole vyake.

Hadithi yake kila mpiga gitaa wa metali anaijua, ila nadhani tunaisimulia tukikazia pasipo. Alikuwa na miaka 17, siku yake ya mwisho kazini kwenye kiwanda cha mabati, mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, na yeye hupiga kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo vilikuwa vidole vya kubonyeza nyuzi. Meneja wa kiwanda akamletea rekodi ya Django Reinhardt, mpiga gitaa wa jazi aliyeunguzwa mkono mwaka 1928 akaendelea kupiga gitaa akitegemea vidole viwili. Iommi akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni, akajitengenezea vifuniko vya ncha za vidole, akavivisha ngozi. Akatafuta nyuzi nyembamba. Na baadaye, kwenye albamu yao ya tatu ya mwaka 1971, akalegeza nyuzi za gitaa kwa toni moja na nusu kwenye baadhi ya nyimbo, na moja ya sababu ni kwamba nyuzi zilizolegea zilimrahisishia vidole.

Sisi wengine tumepokea zile nyuzi zilizolegea kama silaha. Chini, chini zaidi, nani kafika chini kuliko mwenzake. Uzi wa sita wa kawaida unatetema kwa hezi 82; sisi tuko kwenye noti ya C, hezi 65; wapo walioshuka hadi A, 55, na zaidi. Mwaka jana na mimi nilijaribu kushuka hivyo na nyuzi zangu zilezile nyembamba, zikawa zinaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo, kila noti inaanza ikiwa juu na kumalizikia pengine. Kumbe mzee alishusha kwa sababu aliumia. Alikuwa anaulinda mwili wake, na uzito ukatokea hapo. Usiku ule nikavaa vizibo vyangu, nikawasha amplifaya kwenye geini nne, nikapiga noti moja ya chini nikaiacha iishe yenyewe. Kwa mara ya kwanza tangu Machi sikuona haya na sikio langu.

(Septemba akafariki pia Tomas Lindberg, mwimbaji wa bendi ya metali ya At the Gates, miaka 52 tu. Hilo nilishindwa hata kuliandikia chochote. Nalitaja lisije likaonekana halikuwepo.)

Agosti nilipoteza nyimbo. Sina wa kumlaumu. Demo (rekodi za majaribio) kumi na moja zilikuwa kwenye diski moja, sikuwa na nakala, diski ikadondoka kutoka mezani ikiwa inazunguka. Ikatoa mlio mdogo wa kukwaruza na hapo ikawa basi. Nililala siku mbili. Siku ya tatu nikachukua gitaa nijaribu kuzikumbuka zote kumi na moja. Nne zikaja zenyewe, mikono inajua. Mbili zikaja vipandevipande. Tano sikukumbuka hata zilianzaje, na kadiri siku zinavyopita naanza kuamini kwamba hazikuwa na cha kukumbukwa. Hizo nne ndizo tunazokwenda nazo. Ndiyo, sasa nina nakala tatu, moja iko nyumbani kwa dada yangu.

Septemba tukapata mpiga ngoma. Ni dada mmoja aliyelelewa kwenye jazi, hajawahi kupiga metali maishani, na alikuja kwa sababu rafiki wa mpiga besi alimwambia kuna watu wamekwama. Alifika na vijiti vyembamba. Mwimbaji wetu akanitazama kwa jicho la pembeni. Nikamwambia asubiri, Bill Ward mwenyewe, mpiga ngoma wa Black Sabbath, alikua akimsikiliza Gene Krupa, mpiga ngoma wa jazi, na ukiisikiliza Sabbath ya mwanzo utaisikia ngoma inayumba, haipigi kwata.

Tukampigia wimbo wa kwanza, sisi watatu, yeye amekaa tu, vijiti mapajani. Tulipomaliza akauliza, "Kaka, mbona mnakimbia?"

Nikasema ndivyo ulivyo, mapigo 180.

"Sisemi mwendo. Nasema huu wimbo unaogopa kunyamaza."

Akaomba turudie, na kila tulipofika mwisho wa rifu, pale nilipokuwa najaza kwa noti nne za haraka ili pasibaki wazi, akaniambia niache. Nisipige kitu. Nizibe nyuzi kwa mikono yote miwili, kabisa. Tukafanya. Rifu, halafu shimo la pigo moja, halafu yeye na mimi na besi tunaangukia kwenye C kwa pamoja. Mpiga besi alicheka kwa sauti. Ile noti ilikuwa ileile niliyoipiga mwaka mzima, amplifaya ileile, sauti ndogo kuliko zamani, na ilinigonga kifuani. Sikio likizoea kelele isiyokatika, hakuna kinacholishtua. Likipewa nusu sekunde ya utupu, kinachofuata kinakuja na uzito wote.

Shida ikawa kwamba kila mtu alielewa haraka isipokuwa mwimbaji, na hakuwa na makosa. Tulikuwa tumekata muziki kama kwa shoka, yeye maneno yake hayakatiki.

Mwaka huu ndipo tulipoamua kuacha kuandika kwa Kiingereza. Miaka yote tuliandika hivyo kwa mazoea, kwa sababu ndivyo tulivyousikia muziki wenyewe. Tulipoanza Kiswahili tukagundua jambo ambalo hatukulitegemea. Kiingereza kina maneno mafupi yanayofungwa na konsonanti mwishoni, kama mlango unaobamizwa. Yanaangukia juu ya snea na kufia hapo. Sisi neno letu linaisha kwa irabu, na mkazo uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Chuma. Moto. Kifo. "Chu" inapiga na snea, "ma" inabaki inaning'inia ndani ya shimo tulilolichimba kwa shida. Kwenye kunguruma, ule uimbaji wa metali, ndiyo balaa zaidi, maana sauti ile haitoki kwenye nyuzi za sauti za kawaida, inatumia mikunjo iliyo juu ya nyuzi hizo, na irabu ndiyo inayoibeba. "A" na "o" zinatoka pana, nzito, anaweza kuzishikilia hadi pumzi iishe. "I" inambana, inapanda kuwa mlio wa paka. Sasa hebu tafuta mstari wa Kiswahili usio na "i". Vitenzi vyetu vyote vimejaa ni-, li-, ki-.

Mwimbaji alihangaika na hili wiki tano. Alijaribu kumeza irabu ya mwisho, ikasikika kama mtu anayeongea na mswaki mdomoni. Alijaribu kuandika kwa mizani, minane kwa minane, na hapo kidogo tukapumua, kwa sababu mizani minane inakaa juu ya rifu ya vipigo vinane kama kofia ya kupimiwa. Lakini mwisho wa mstari bado ulining'inia.

Dawa ikatoka mahali pa kitoto kabisa. Tulikuwa tunapumzika, mpiga besi akadondosha pedali sakafuni, mpiga ngoma akasema bila kufikiri, "Pa!" Mwimbaji akageuka. "Sakafuni ni pa," akasema, taratibu, kama mtu anayesoma ukutani. "Majini ni chubwi. Mchangani ni tifu." Tukaanza kuongezea, kila mmoja na alichokumbuka kutoka darasani: matopeni tapwi, nyeupe pe, nyeusi ti, funga ndi, giza totoro, kimya jii. Tanakali za sauti! Zile tulizokuwa tunazikariri kwa ajili ya mtihani. Nyingi ni fupi, silabi moja au mbili, zinakaa mwisho wa sentensi, na baada yake hakuna kinachosemwa tena. Neno zima limekaa mkao wa snea. Lugha ilikuwa na mlango wake wa kubamiza siku zote, sisi tulikuwa tunaazima wa jirani.

Sikumbuki kama tulimaliza mazoezi siku ile. Nakumbuka tulipiga rifu moja kwa dakika arobaini na mwimbaji akijaribu kila moja, na "ti" na "jii", ambazo zina ile "i" inayombana, ndizo zilizotoka vizuri kuliko zote, kwa sababu sasa hakuwa anazingurumia. Alizinong'ona. Bendi inakata, shimo linafunguka, na ndani ya shimo mtu ananong'ona "jii". Nywele za mikono zilinisimama.

Kwa hiyo mpango ndio huu. Nyimbo nne, kila moja ina jina la tanakali: "Ti", "Chubwi", "Kacha", na "Jii". Siwezi kuweka maneno yote hapa, mwimbaji ataniua, ila mstari mmoja wa "Jii" ameniruhusu: "Nikabisha, nikaita, nyumba nzima ikawa jii." Hapo kuna kimya cha vipigo vinne kamili. Vinne. Tuliujaribu mwezi Novemba mbele ya watu, na kwenye kipigo cha pili nikasikia mtu akikohoa nyuma ya ukumbi, na kwenye cha tatu nikaogopa kweli. (Shoo hiyohiyo ndiyo iliyokatika: wimbo uliofuata valvu ya amplifaya yangu ilikufa na sikuwa na ya akiba. Uzembe wangu. Sasa ninazo mbili kwenye begi.)

Tutarekodi kwa siku mbili, wote chumba kimoja, kuanzia Ijumaa ya tarehe 13 Februari 2026. Tarehe sikuichagua kwa bahati. Albamu ya kwanza ya Black Sabbath ilitoka Ijumaa, tarehe 13 Februari 1970, na ilirekodiwa kwa siku moja tu, kwa hiyo anayesema siku mbili ni chache kwa nyimbo nne akaongee na wao. "Ti" na "Kacha" tutapiga na metronomu masikioni. "Chubwi" na "Jii" bila, kwa sababu dada yetu anautanua mwendo kidogo kabla ya kila shimo na metronomu inaliua hilo. Gitaa nitalipiga mara mbili, kushoto na kulia, kwa mikono yangu kila mara. Kunakili upande mmoja kwenda wa pili hakusaidii kitu. Upana unatokana na zile tofauti ndogo kati ya mara ya kwanza na ya pili. Nyuzi ni zile nene nilizofunga leo, ya sita ikiwa na unene wa inchi 0.056. Maikrofoni moja ya SM57 mbele ya spika, imesogezwa kidogo kutoka katikati ya koni. Geini nne.

Na kwenye kumalizia sitakubali sauti ibanwe hadi iwe tofali, yaani palipo patulivu pawe na kelele sawa na kwingine. Wenye umri wangu mtakumbuka kelele zilizozuka kuhusu albamu ya bendi ya Metallica ya mwaka 2008, mashabiki walipogundua kwamba nyimbo zilezile kwenye mchezo wa video wa Guitar Hero zilikuwa na pumzi kuliko za kwenye sidii. Leo haina hata faida, maana huduma kubwa za kusikiliza muziki mtandaoni zinasawazisha sauti zenyewe: ukijibana uwe na kelele kuliko wenzako, zinakushusha tu, na wewe umeshapoteza mashimo yako yote.

Mengine ya mwaka ujao sijui. Shoo mbili zimezungumzwa, hazijathibitishwa. Sikio litapimwa tena Machi. Daktari alisema kilichopotea hakirudi, kazi ni kulinda kilichobaki, na mluzi nimeshauzoea kiasi cha kuupa noti yake, uko karibu na B ya juu sana, haupatani na wimbo wetu wowote.

Ile pedali ya kijani bado ina utata. Mimi nasema geini yake ikiwa sifuri inakaza sauti vizuri. Mpiga ngoma anasema inavimbisha sauti za kati na kuifunika snea yake, na kwamba mimi siwezi kuaminiwa nikiwa karibu na nobu. Nimemtumia ujumbe jioni hii kumwambia nimeshafunga nyuzi mpya, na kumuuliza kuhusu mazoezi ya kwanza. Amejibu sasa hivi:

"Tarehe 3, saa kumi jioni. Njoo na nyuzi zako. Pedali ibaki."